Ubongo na umri: kipi hupungua, kipi hudumu na kipi huzidi kukomaa

Kusahau mahali ulipoweka funguo si ugonjwa, na kupotea njia ya nyumbani uliyoipita kwa miaka 40 si uzee. Baina ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa ambayo familia nyingi huitambua wakati msaada umekwisha kuchelewa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dimensia ni jina la jumla la maradhi yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua na kumnyang'anya mtu kumbukumbu, lugha, uamuzi na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Katika Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu, ambako wazee wengi hutunzwa nyumbani na watoto na wajukuu wao, wagonjwa wengi huishi na kufariki bila daktari yeyote kuutaja ugonjwa wao kwa jina.

Makala haya yanaeleza mabadiliko ya kawaida ya ubongo kadiri umri unavyosonga, mabadiliko yasiyo ya kawaida, na mambo yanayoweza kufanywa mapema.

Ubongo wenyewe hubadilikaje?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel na wenzake nchini Brazil ilikadiria kuwa ndani yake mna seli za neva bilioni 86.

Mtoto afikapo umri wa miaka 6, ubongo wake huwa umekaribia ukubwa wa mtu mzima. Hata hivyo, ukubwa si ukomavu. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso na inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo, huendelea kukomaa hadi mtu afikishapo miaka 25 hivi.

Baada ya miaka 40, ujazo wa ubongo hupungua polepole, kwa wastani wa asilimia 5 hivi kila miaka 10, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 70. Zamani ilidhaniwa kuwa seli za neva hufa kwa wingi kadiri mtu anavyozeeka. Utafiti wa baadaye umeirekebisha dhana hiyo. Katika uzee usio na maradhi, seli nyingi hubaki hai, ila hunywea, matawi yake hupungua na viungo vinavyoziunganisha huwa vichache. Ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano nayo huchakaa. Mishipa ya damu hukakamaa, na kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli, kama vile dopamini, hupungua.

Mabadiliko hayo hayagusi sehemu zote kwa kiwango kimoja. Sehemu ya mbele ya ubongo, na hipokampasi, kiungo kidogo kinachosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, huathirika zaidi. Sehemu zinazopokea kile ambacho macho yanaona, kwa mfano, hudumu vyema kwa muda mrefu.

Ubongo nao hutafuta njia ya kufidia. Picha zinazopigwa mtu akiwa anafikiri zimeonyesha kuwa baadhi ya wazee hutumia pande zote mbili za ubongo kwa kazi ambayo kijana huifanya kwa upande mmoja. Wataalamu wengi huliona jambo hilo kuwa ni namna ya ubongo kugawana mzigo.

Stadi za akili hazishuki kwa pamoja

Mwanasaikolojia Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, waliigawa akili katika mafungu mawili. La kwanza ni akili ya utatuzi: kufumbua jambo geni, kuona mpangilio uliofichika na kufanya hesabu ya haraka kichwani. La pili ni akili ya maarifa yaliyolimbikizwa: msamiati, ujuzi wa kazi, desturi, na uelewa wa watu na mambo. Fungu la kwanza huanza kupungua mapema. La pili huongezeka kwa miongo mingi.

Mwaka 2015 watafiti Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kupitia intaneti na watu zaidi ya 48,000 wa rika mbalimbali. Kasi ya kuchakata taarifa ilikuwa katika kilele chake kwa watu wa miaka 18 au 19. Kumbukumbu ya muda mfupi ilifikia kilele karibu na miaka 25 na kudumu hapo kwa miaka kadhaa. Uwezo wa kusoma hisia za mtu kwa kumtazama macho ulikuwa wa juu kwa watu wa makamo. Msamiati uliendelea kupanda hadi baada ya miaka 60. Kwa maneno mengine, hapana umri hata mmoja ambao mtu huwa hodari kuliko wakati wowote mwingine katika kila jambo.

Kumbukumbu nayo si kitu kimoja. Kumbukumbu ya matukio, kama vile aliyekuja jana na alichokisema, ndiyo inayodhoofika mapema zaidi. Kumbukumbu ya maana za maneno na mambo ya dunia hudumu. Kumbukumbu ya mikono, yaani kufuma, kuendesha baiskeli au kusuka ukili, ni miongoni mwa zinazokawia kabisa kuondoka. Majina ya watu husumbua kuliko maneno mengine, kwa kuwa jina halina maana inayolifunga kwa mwenyewe. Aliyesahau neno "fundi" anaweza kulifikia kwa kuiwaza kazi yake, lakini aliyesahau jina la fundi huyo hana pa kushika.

Uzoefu unaweza kuziba pengo la kasi. Mwaka 1984 mtafiti Timothy Salthouse aliwachunguza wapigaji chapa wa rika mbalimbali, wengine wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Katika jaribio la kubonyeza kitufe mara taa iwakapo, wazee walikuwa wazito kuliko vijana. Katika kupiga chapa, hawakuachwa nyuma. Siri yao ilikuwa kutazama mbele: jicho lao lilikwisha kuzisoma herufi kadhaa zaidi kabla kidole hakijazifikia. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Kosa la kulinganisha vizazi

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa akili hushuka kwa kasi kuanzia miaka ya thelathini. Imani hiyo ilitokana na njia ya upimaji: watafiti waliwapima vijana na wazee kwa siku moja, kisha wakachukulia kwamba tofauti yote iliyoonekana imeletwa na umri.

Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianza utafiti mjini Seattle, Marekani, uliofuata njia nyingine. Watu walipimwa, kisha wakarudiwa kila baada ya miaka 7, na kila awamu wakaongezwa wapya. Ilibainika kwamba stadi nyingi za mtu yule yule hudumu hadi miaka ya sitini, na kwamba kushuka kunakoonekana wazi huja baadaye zaidi. Sehemu kubwa ya pengo lililoonekana kati ya kijana na mzee haikuwa kazi ya umri, bali ya kizazi. Kijana alikuwa amesoma zaidi, amekula vyema zaidi utotoni, na ameyazoea maswali ya mtihani.

Somo hilo lina uzito wa pekee katika nchi zetu. Bibi aliyezaliwa kabla ya uhuru na ambaye hakupelekwa shule akipewa kalamu na kuambiwa achore saa au ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa 7, kushindwa kwake hakutueleza lolote la hakika kuhusu ubongo wake. Kinachopimwa hapo ni darasa asiloingia.

Vipimo kutoka wilaya ya Hai

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza wamekuwa wakilifanyia kazi tatizo hilo kwa miaka mingi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wilayani humo walikuwa na dimensia. Kiwango hicho kilidhoofisha dhana iliyoenea kwamba maradhi haya ni ya nchi tajiri.

Kutokana na kazi hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kijulikanacho kama IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huambiwa maneno 10 na baadaye hutakiwa kuyakumbuka. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huulizwa siku ya wiki na mambo ya kawaida ya mahali anapoishi. Badala ya kuchora, hupewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano aliooneshwa. Muuguzi au mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kukitumia kijijini bila mashine yoyote.

Lugha ya kupimia nayo ina uzito. Mtu mwenye lugha mbili au tatu akishikwa na dimensia, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hulegea kwanza, naye hurudi kwenye lugha ya utotoni. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili mahali ambapo hospitali hutumia lugha nyingine, ni haki yao kumweleza daktari ni lugha ipi mgonjwa anaifahamu vyema zaidi, na kumwomba apimwe kwa lugha hiyo.

Akiba ya ubongo

Kwa nini watu wawili wenye madhara yale yale katika ubongo hawafanani, mmoja akipotewa na akili na mwingine akiendelea na shughuli zake? Wataalamu hujibu kwa neno moja: akiba.

Ushahidi mashuhuri ulitoka kwa watawa wa Kikatoliki 678 nchini Marekani, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waliokubali kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufariki. Utafiti huo ulianzishwa mwaka 1986 na David Snowdon. Baadhi ya watawa walikutwa na alama nyingi za ugonjwa wa Alzheimer katika ubongo, ilhali hadi mwisho wa uhai wao walikuwa na fikra timamu. Wale ambao, pamoja na alama hizo, walikuwa pia wamepata viharusi vidogo vidogo, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuonyesha dalili. Watawa walioandika maelezo ya maisha yao ujanani kwa sentensi zilizosheheni mawazo walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache.

Kwamba ubongo hujengeka kwa matumizi kulionekana pia London. Madereva wa teksi wa mji huo hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waligundua kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2011 ilithibitika kwamba ongezeko hilo lilitokea wakati wa mafunzo, na kwa wale tu waliofaulu.

Lugha nyingi nazo zimetajwa kuwa akiba. Utafiti uliofanywa Hyderabad, India, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wagonjwa 648 wa dimensia. Waliozungumza zaidi ya lugha moja walianza kuonyesha dalili wakiwa na umri mkubwa zaidi kwa miaka 4.5, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Hata hivyo, tafiti nyingine zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi hazikuona faida hiyo waziwazi, na mjadala haujafungwa.

Uzee wa kawaida na ugonjwa

Mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer alimpokea hospitalini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke mwenye umri wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu na kumshuku mumewe bila sababu. Baada ya mgonjwa huyo kufariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake na kukuta mabaka ya protini nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer. Mgonjwa wa kwanza, basi, hakuwa ajuza. Umri huongeza hatari ya ugonjwa huu, lakini ugonjwa wenyewe si umri.

Dalili zifuatazo husaidia kupambanua:

Ni kawaida kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye. Si kawaida kutomtambua mwanao, au kuuliza swali lile lile mara nyingi kwa saa moja bila kukumbuka kwamba limejibiwa.

Ni kawaida kuchelewa kupata neno. Si kawaida kukwama katikati ya mazungumzo kila mara au kuviita vitu vya nyumbani kwa majina yasiyo yake.

Ni kawaida kukosea hesabu ya chenji mara moja moja. Si kawaida kwa mfanyabiashara wa miaka mingi kushindwa kutambua noti.

Ni kawaida kuchoshwa na kelele za wageni. Si kawaida tabia kugeuka: mpole kuwa mkali, nadhifu kuacha kuoga, mkarimu kuwatuhumu wote kuwa ni wezi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mwelekeo. Mabadiliko yanayoendelea kwa miezi na kuvuruga kazi za kila siku yanahitaji daktari. Mabadiliko ya ghafla, ya saa chache au siku chache, ni dharura: huenda ni kiharusi, maambukizi, malaria kali, sukari iliyoshuka au madhara ya dawa.

Isitoshe, si kila upotevu wa kumbukumbu hauna tiba. Upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, msongo na sonona, pombe, dawa nyingi zinazotumiwa pamoja, kaswende isiyotibiwa na virusi vya ukimwi visivyodhibitiwa vinaweza kufanana na dimensia, na vingi kati ya hivyo vina matibabu.

Kutojua tofauti hii kuna gharama ya uhai. Mzee anayezurura usiku, anayezungumza na watu waliokwisha kufariki au anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, anaonyesha dalili ambazo madaktari wanazifahamu vyema. Mbele ya majirani wasiojua, dalili hizo hizo zinaweza kuitwa uchawi. Katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya na katika mikoa ya kanda ya ziwa nchini Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Pale ambapo jina la ugonjwa halijulikani, mgonjwa huweza kugeuzwa mshtakiwa.

Yanayoweza kuzuilika

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Mambo hayo ni elimu ndogo utotoni, kutosikia vizuri, kutoona vizuri bila matibabu, lehemu mbaya kwenye damu, shinikizo la juu la damu, kisukari, unene uliopita kiasi, uvutaji sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, sonona, majeraha ya kichwa, upweke na hewa chafu. Kutosikia vizuri na lehemu ndiyo yaliyopewa uzito mkubwa zaidi.

Mengi katika orodha hiyo huanza kudhuru katika umri wa makamo, miaka 20 au 30 kabla ya dalili. Shinikizo la damu ni mfano. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kulishusha shinikizo la juu hadi chini ya 120, badala ya 140, kulipunguza idadi ya waliopata udhaifu wa awali wa kumbukumbu. Upungufu wa dimensia yenyewe haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika.

Mazoezi nayo yana ushahidi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa wazee waliotembea kwa kasi siku 3 kwa wiki kwa mwaka mzima waliongezeka ujazo wa hipokampasi kwa asilimia 2, ilhali wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu walipungukiwa. Nchini Finland, watu 1,260 wenye umri kati ya miaka 60 na 77 walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliopewa mpango wa pamoja wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa moyo na mishipa walipata matokeo bora kuliko waliopewa ushauri wa kawaida pekee.

Dawa mpya za Alzheimer, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na 2024. Huupunguzia kasi ugonjwa ulio katika hatua za mwanzo, lakini haziuponyi, na matumizi yake yanahitaji picha za ubongo za gharama kubwa. Kwa wengi wa kanda hii, kipimo cha shinikizo la damu katika zahanati ya jirani kingali silaha iliyo karibu zaidi.

Familia ifanye nini?

Mtu aliyebadilika apelekwe kituo cha afya akifuatana na anayeishi naye, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni tatizo lake. Zichukuliwe dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba. Aulizwe kuhusu masikio na macho kabla ya kuhukumiwa kuwa hasikii kwa makusudi.

Nyumbani, utaratibu wa siku usibadilishwe ovyo. Maswali yawe mafupi, moja baada ya jingine. Akikosea tarehe au jina, kubishana naye humwongezea hofu bila kumrudishia kumbukumbu. Apewe kazi ambazo mikono yake bado inazikumbuka, kama kupepeta mchele, kuchambua mboga au kufagia ua. Katika wilaya ya Hai, vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili vimejaribiwa kwa wagonjwa wa dimensia kwa kutumia nyimbo, vitu na simulizi za mahali hapo.

Anayemtunza naye asiachwe peke yake. Kazi hiyo ni ya usiku na mchana, aghalabu huangukia binti au mkwe mmoja, na WHO inatambua kuwa wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kugawana zamu kati ya ndugu ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa anayoandika daktari.